Kama Tulivyo

Baa ya Mama Ndekirwa, pale Majengo, Moshi,
swali lilikuwa moja: ya moto au baridi?
Ya moto maana yake imetoka kwenye kreti, si jikoni.
Usiku wangu wa kwanza Kurumu, Maskati, ghorofa ya tisa,
nilimuuliza hivyo Mskoti mmoja wa visima vya mafuta.
Alitazama dirishani, nyuzi arobaini saa tatu usiku,
akacheka hadi miwani ikamdondoka.

Rowena akanivuta kando ya mashine ya barafu, akanipa shule.
Anayetaka "mawe" mpe barafu.
"Nadhifu" haina barafu wala maji,
hata kama mnywaji mwenyewe amechomoa shati.
"Chafu" ni maji ya zeituni, usiende kubadili glasi.
Nilikwenda. Nilibadili mara mbili.
Na "bikira", Aikande, ni kinywaji kisicho na kileo,
usinicheke, sikukitunga mimi.
Nikayaandika yote kwa Kiswahili nyuma ya risiti;
mama angeiokota, angeniitia mchungaji.

Risiti zikaisha. Nikaanza kubeba oda kichwani,
nikizifunga kwa vina kama nilivyofunga
majina ya mito kwa mtihani wa darasa la saba,
midomo ikicheza, sauti chini ya feni:

     Mvinyo mezani tano, barafu weka pembeni,
     Jini toti mbili nono, toniki iwe chupani,
     Bia nne za mkono, hawataki za glasini,
     Na mgeni wa maneno, maji tupu jina jini.

Huyo wa mwisho ni Bwana Ghalibu.
Huja kila Jumanne na wateja wake wa saruji,
Wakorea wiki hii, Waitaliano wiki ijayo,
huagiza kwa Kiingereza bila kunitazama:
jini, ile ya dirishani.
Dirishani hakuna jini.
Kuna chupa ya toniki na kisahani cha ndimu.
Rowena alinirithisha neno hilo pamoja na funguo za friji,
naye alilirithi kwa Mnepali aliyemtangulia.
Namkatia ndimu nene, namwekea kijiti,
wenzake wanagonganisha glasi naye, mkataba unatiwa saini,
na kwenye bili naandika bei ya jini
kwa kuwa bili nayo husomwa.
Hajawahi kuihoji.

Siku ya mapumziko nilishuka Khuwairi, kibanda cha karaki.
Pale hawasemi. Honi moja ndefu, kijana anakuja.
Dole gumba na cha shahada vikikaribiana, sukari kidogo.
Chai ya rangi wanaiita sulaimani,
kana kwamba ni mtu, kana kwamba atakuja na viatu.
Nilisimama kwa miguu yangu, sina gari, sina honi.
Shihabu akapita na sinia mara tatu, hakuniona.

Ndipo kioo cha gari jeupe kikashuka.
"We dada wa vina,"
Kiswahili, cha Wete kabisa, cha kulelewa nacho,
"toti mbili nono si sawa. Mbuzi ndiye hunona.
Jini hainoni."

Miezi saba.
Miezi saba nasimama hatua mbili kutoka sikio lake
nikimwita mgeni wa maneno.

Nilitaka kuomba radhi, yeye ameshabonyeza honi.
Shihabu mbio, sinia kwapani.
"Na yako?" akaniuliza. "Sukari vipi?"
"Kama tulivyo," likanitoka, lile la Moshi,
ambalo kwa Mama Ndekirwa ni raundi nyingine,
kila mtu alichokuwa akinywa.
Hilo hakulijua. Kwao Wete halikufika.
Alifikiri kidogo, kidole juu ya usukani,
akamwambia Shihabu maneno mawili ya Kiarabu,
na nikaletewa sulaimani
bila sukari, ndimu nene ukingoni,
na kijiti.